MIZIZI YA UGOMVI KATIKA INCHI YETU

Hotuba ya katekista mbele ya waamini, wakati wa jubilei ya parokia



Walipogawa kazi za jubilei, ndugu mmoja alipewa kueleza habari za ujenzi wa kanisa, mwingine habari za kwaya, na mimi nikapewa kusema juu ya amani. Nilijibu kwamba siwezi kusema juu ya amani kama sitasema kwanza mambo yaliyotuondolea amani. Katika baraza wengine waliingiwa na hofu. Mzee mmoja aliniambia: «Katekista, jubilei ni siku ya shangwe, kwa nini kufukua makaburi?» Nilimheshimu, kwa maana ni mkubwa wangu, tena moyo wake ni mwema. Lakini nilimjibu: «Baba, kaburi lisilo na msalaba ndilo watu wanalolikanyaga bila kujua.» Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi sema, lakini sema kwa haki.» Ndivyo nitakavyojaribu kufanya.

Katika Kitabu cha Walawi, Mungu aliwaagiza Waisraeli kutakasa mwaka wa 50. Mwaka ule mtumwa anaachiliwa, shamba lililouzwa linarudi kwa mwenyewe, na kila mtu anarudi kwa jamaa yake. Sisi pia hapa Likasi tulisikia neno «kurudi» katika mwaka 1992. Maelfu ya watu waliambiwa: rudini kwenu. Lakini huko kulikuwa kurudi kwa namna gani, ikiwa mtu alizaliwa Kikula, akabatizwa na kufunga ndoa katika muji huu, na hiyo «kwao» hajaiona hata siku moja? Jubilei ya Mungu inamrudisha mtu nyumbani. Jubilei ya shetani inamtoa mtu nyumbani na kumwambia kwamba anarudi. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa leo tutafute mizizi ya ubaya ule, tusije tukaumwagilia maji tena.

1. Namna tulivyokutana hapa

Likasi si muji uliozaliwa na kabila moja. Ulizaliwa na shaba. Tangu zamani Wasanga na majirani wao walichimba na kuyeyusha shaba katika inchi hii, kabla ya Wazungu kuja. Mwaka 1906 ikaundwa kampani ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli ya kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1928 reli nyingine ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo, ikapita katikati ya inchi ya Kasai. Kampani ilihitaji mikono mingi, na watu wa hapa hawakutosha. Ikaandika watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Ruanda-Urundi, Lomami na Kasai.

Hapo kwanza mfanyakazi alikuja kwa muda mfupi, kisha akarudi kijijini. Lakini katika miaka ya 1920 kampani ilibadili mpango: mwanaume aje na mke wake, wapewe nyumba kambini, wapate posho, na watoto wao wasome na kutunzwa katika hospitali ya kampani. Hivyo kizazi kipya kilizaliwa kisichojua kijiji. Watoto hao walicheza pamoja, wakasoma pamoja, wakaoana. Kingwana hiki ninachosema nanyi ni mtoto wa makutano yale, maana kilimwezesha Mbemba, Mluba, Msanga na Mkanyoka kuelewana katika kazi na sokoni. Ni katika lugha hiyo wengi wetu tulifundishwa kusali Baba Yetu.

Lakini pamoja na mbegu njema, magugu pia yalipandwa. Wakubwa wa wakati ule walizoea kuyapanga makabila kama mtu anayepanga vyombo juu ya kabati: kabila hili ni hodari wa kazi, lile ni la wavivu, hawa wanafaa kuwa makarani, wale wanafaa kubeba mizigo. Watu wa Kasai, kwa kuwa wengi wao walipitia mapema shule za misioni, walisifiwa na kupewa kazi za ofisi na za ufundi. Sifa ile ilikuwa sumu ya namna mbili: ilimletea mmoja kiburi, ikamletea mwingine uchungu. Mwenyeji aliona shaba ya babu zake inachimbwa, faida inakwenda Ulaya, na mbele ya mlango wa ofisi anamkuta mgeni akimwuliza anataka nini. Uchungu huo ulikuwa wa kweli. Asiyeukubali hataelewa mambo yaliyofuata. Lakini aliyepanga vyombo juu ya kabati hakuwa mtu wa Kasai.

2. Siku kura zilipoanza kuhesabiwa

Mzizi wa pili ulichipuka pamoja na siasa, ambayo sisi tunaiita politiki. Katika mwezi wa 12 wa mwaka 1957, kwa mara ya kwanza, watu weusi wa Élisabethville na wa Jadotville, ndilo jina la Likasi ya wakati ule, waliitwa kuchagua wakubwa wa komini zao. Ilipaswa kuwa siku ya furaha. Lakini hapakuwa bado na vyama wala mafundisho ya uraia, na watu walipiga kura wakifuata ukabila. Katika Élisabethville wakubwa wa komini waliochaguliwa walitoka nje ya Katanga. Wenyeji walishtuka. Mwaka uliofuata, 1958, ikaundwa Conakat, ili kutetea wale walioitwa wazaliwa wa kweli wa Katanga. Tangu siku zile swali halikuwa tena «mtu huyu atatutumikia namna gani?» bali «mtu huyu ametoka wapi?»

Tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Nyuma yake ilisimama kampani, pamoja na Wazungu waliotaka kushika shaba. Kaskazini ya Katanga, Waluba wafuasi wa Balubakat ya Jason Sendwe walikataa kujitenga, na damu nyingi ilimwagika, vijiji vikachomwa. Mwaka 1961, maelfu ya Waluba wa Katanga na wa Kasai walikimbilia kambi kubwa pembeni ya Élisabethville, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Hapa kwetu, mwezi wa 9 mwaka ule ule, askari wa Irlandi waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizungukwa, wakapigana siku kadhaa, mwishowe wakajitoa. Kujitenga kulikwisha mwezi wa kwanza mwaka 1963.

Wapendwa, ninawaomba mwangalie jambo moja hapa. Katika mwaka 1960, Mluba wa Katanga alihesabiwa pamoja na Mluba wa Kasai kama adui. Katika mwaka 1992, Mluba wa Katanga alihesabiwa upande mwingine, pamoja na wale waliomfukuza baba yake, ili wamfukuze mtu wa Kasai. Mpaka ulihama. Kama uadui ungekuwa ndani ya damu, mpaka usingeweza kuhama, kwa maana damu haihami. Basi si damu inayochora mpaka. Ni mkono wa mtu, na mkono huo unachora pale panapouletea faida.

3. Mambo tuliyoyaona kwa macho yetu

Sasa ninafika mahali pagumu. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990, Rais Mobutu alikubali vyama vingi. Mwezi wa 9 mwaka ule, sehemu kubwa ya mine ya Kamoto, kule Kolwezi, iliporomoka. Kwa watu wa viwanda vya Shituru na Panda, hiyo haikuwa habari ya mbali. Ilikuwa habari ya chungu jikoni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikisha tani 50,000. Mishahara ilichelewa, posho ikapungua, dawa zikakosekana. Mwaka 1991 askari wenye njaa walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukasambaa katika miji mingine ya inchi.

Nyumba yenye njaa inatafuta mwizi. Na mara nyingi haimtafuti mbali, inamtafuta kwa jirani. Mwisho wa mwaka 1991, Gabriel Kyungu wa Kumwanza alipewa kuwa guverneri wa Shaba, na Nguz Karl-i-Bond akafanywa waziri wa kwanza. Wote wawili walikuwa wa chama cha UFERI. Katika mikutano watu waliambiwa kwamba magumu yao yote yanatoka kwa watu wa Kasai. Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa, uliokuwa ukikutana Kinshasa, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza mahali pa Nguz. Wengine Likasi walicheza ngoma kwa furaha. Wengine waliona kwamba wanachekwa. Baada ya siku chache ubaya ulianza: vijana wa chama waliingia nyumba kwa nyumba, watu wakapigwa, wengine wakauawa, nyumba zikachomwa au zikakamatwa. Mwezi wa 3 mwaka 1993 ikafika zamu ya Kolwezi. Kwa jumla, mamia ya maelfu ya watu walitolewa katika Shaba.

Waliofukuzwa hapa walikimbilia mashuleni na kwenye kituo cha gari la moshi. Wengine walingoja majuma, wengine miezi, chini ya vipande vya turubai, katika mvua. Magari ya moshi yalikuwa machache. Surua na kuharisha viliua watoto kabla ya gari kufika, na wengine walikufa njiani ndani ya mabehewa. Mapadri, masista na wasaidizi kutoka inchi za nje walileta chakula na dawa. Askari wa Leta walikuwapo. Lakini hawakuzuia mambo yasiwe. Na yule aliyetawala Kinshasa alipata faida, maana wapinzani wake, waliokuwa wameungana, sasa walikuwa wakichukiana kwa sababu ya makabila.

Ningeweza kuishia hapo, na lawama zote zingekaa kwa wakubwa. Lakini mzee aliniagiza kusema kwa haki, na haki inaanza nyumbani. Wakati ule nilikuwa mtoto wa shule. Wakubwa walikuwa na neno walilowaitia watu wa Kasai: «bilulu», maana yake wadudu. Sisi watoto tulilipenda neno lile, kwa sababu lilikuwa fupi na la kuchekesha. Tulilitungia wimbo tukauimba barabarani tukitoka shule. Mimi niliuimba. Mtoto niliyekaa naye kwenye benchi moja alitembea mbele yetu akiwa na kibao chake, wala hakugeuka. Juma lililofuata hakuja shule. Nilikwenda kwao, nikakuta watu wengine wakifagia kiwanja. Jambo lililonitisha baadaye, nilipokuwa seminari ndogo na kufundishwa kuchunguza dhamiri, ni hili: siku ile sikulia. Nilijiuliza tu nani amechukua mpira wake.

Ninalieleza hili si kwa kujidharau mbele yenu. Ninaeleza jinsi ubaya unavyofanya kazi. Hakuna mtu anayeamka asubuhi na kumfukuza jirani yake aliyemwombea chumvi jana. Kwanza anapewa neno. Neno linamtoa jirani katika hesabu ya watu na kumweka katika hesabu ya wadudu. Na mdudu, tunajua sote, unamfagia. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Lakini ulimi unavunja mifupa.

4. Nani alipata faida?

Waliobaki waliahidiwa mambo mengi: kazi zitakuwa zenu, nyumba zitakuwa zenu, Katanga itashiba. Tuulize basi miaka ilivyojibu. Pamoja na waliofukuzwa walikwenda mafundi wa viwanda na wa reli, waalimu na wauguzi. Madarasa yalikosa waalimu, mashine zikakosa wa kuzitunza. Gécamines haikusimama, iliendelea kuanguka. Mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa fedha za mara moja na kuacha kazi. Nyumba nyingi za parokia hii zinaikumbuka siku hiyo. Mtu alimfukuza mwenzake ili akamate kazi yake, na miaka 11 baadaye kazi yenyewe ikamfukuza. Hapakuwa tena na mtu wa Kasai wa kulaumiwa.

Wala amani haikuja. Tangu mwaka 1998, katika vita vya inchi yote, Leta iliwapa silaha vijana wa Mai-Mai kaskazini ya Katanga, ili wapigane na adui. Silaha ni rahisi kugawa kuliko kukusanya. Vijana wale hawakulipwa, hawakufundishwa kazi, hawakurudishwa nyumbani. Kati ya Mitwaba, Pweto na Manono, watu wa Gédéon Kyungu Mutanga, ambaye si yule guverneri, waliua na kuchoma hata mahali pale pakaitwa pembe tatu ya kifo. Gédéon alijitoa mwaka 2006, akahukumiwa, akatoroka gerezani mwaka 2011. Na tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia hata katikati ya Lubumbashi. Katika mambo hayo waliokufa na walioua, wengi walikuwa wana wa Katanga. Na mwaka 2022, mwezi wa 5, ilimpasa Askofu Mkuu Fulgence Muteba kuwaita watu Lubumbashi katika mkutano wa umoja na mapatano, safari hii kati ya Wakatanga wao kwa wao. Basi anayemfukuza mgeni kwa kutafuta amani hataipata. Atakapomaliza wageni, ataanza kuwahesabu ndugu.

5. Mizizi minne, na dawa yake

Kwa hiyo ninaona mizizi minne. Wa kwanza ni mali ya inchi inayotajirisha wachache, wakati wengi wanagombea makombo. Wa pili ni wanapolitiki wasioweza kueleza kazi zao, ndiyo maana wanaeleza kabila lao. Wa tatu ni Leta inayotazama bila kuhukumu; kwa mambo ya Likasi na Kolwezi wakubwa hawakusimama mbele ya hukumu, na dhambi isiyohukumiwa inajifunza kurudi. Wa nne ni moyo wetu, unaopenda kupewa mtu wa kulaumiwa.

Mizizi mitatu ya kwanza, wakristu wanaojua sheria na uongozi wana wajibu wa kuikata, kila mmoja katika kazi yake. Lakini wa nne uko mikononi mwa kila mtu hapa, na juu ya huo baraza limenipa ruhusa kutoa maombi matatu.

La kwanza ni juu ya ulimi. Miaka hii vijana wengi wanafika tena kutoka Kasai, kwa gari la moshi na kwa malori, wakikimbia umaskini. Nimesikia neno lile la zamani likisemwa tena sokoni, na safari hii katika simu. Nimesikia pia vijana wa Kasai wakiwacheka wenyeji kwamba hawajui kazi. Maneno yote mawili ni mbegu moja. Katika katekisimu yetu, mtoto anayetaja jina la matusi la kabila lolote aulizwe palepale: je, Mungu alimwumba nani kwa mfano wake?

La pili ni juu ya shirika zetu. Shirika ndogo za wakristu zimepangwa kwa barabara, si kwa kabila. Tuulinde mpango huo. Wakati wa matanga na wa ndoa tumezoea kuwaachia watu wa kabila la marehemu au la bibi arusi kazi yote. Jirani wa ukuta aje wa kwanza, hata kama lugha ya mama yake ni nyingine.

La tatu ni juu ya kitabu cha ubatizo. Nilipotayarisha maneno haya, Padri alinifungulia vitabu vya zamani. Yako majina mengi ya watoto ambao ndoa yao haikuandikwa pembeni, wala kifo chao. Kwa kalamu ya kitabu wao bado ni waparokia wetu. Wengine wameanza kuandika wakiomba cheti cha ubatizo. Wengine wamefika wenyewe, wakasimama mbele ya nyumba walimozaliwa, bila kupiga hodi. Ninaomba kwamba katika Misa ya jubilei watajwe katika maombi ya waamini, si kama wageni bali kama watoto wa parokia walio mbali. Na yeyote kati yetu anayelala katika nyumba ambayo mwenyewe aliondolewa kwa nguvu, simhukumu mbele ya watu. Lakini aende kwa padri, waongee juu ya jambo hilo kabla ya jubilei kufungwa. Zakeo hakusubiri mahakama.

Mungu alimwuliza Kaini: ndugu yako yuko wapi? Kaini alijibu kwamba yeye si mlinzi. Swali lile limeulizwa Likasi pia, na kwa miaka zaidi ya 30 tumejibu kama Kaini. Katika jubilei hii tujibu namna nyingine: Bwana, ndugu yetu tulimpeleka kwenye kituo cha gari la moshi. Tunajua alikokwenda. Tunakuomba utusamehe, na siku atakapopita tena mbele ya mlango, utupe nguvu ya kumwambia: karibu, hapa ni kwako.